Sajili ya Jikoni: Funzo Kutokana na Upishi wa Kaa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza sajili ya upishi kwa kumtumia kaa wa mikoko kama kielelezo. Yananuia kuonyesha kwamba katika matini ya maelekezo, maarifa huhifadhiwa zaidi na kitenzi mahususi pamoja na upatanisho wa ngeli kuliko na orodha ya viungo. Hatua za kumchagua kaa, kumwandaa na kumpika nyumbani zinaelezwa moja baada ya nyingine, kisha lugha ya hatua hizo inachanganuliwa. Mwishoni pametolewa maswali yanayoweza kutumiwa darasani.

1.0 Utangulizi

Mafunzo ya sajili katika shule na vyuo vyetu yamejikita kwa muda mrefu katika mahakama, hospitali, dini, siasa na biashara. Mwanafunzi akiulizwa sifa za lugha ya mahakamani hatasita. Atazitaja kwa vidole. Jikoni, ambako lugha hutumika kila siku na kila mtu, aghalabu hupewa aya moja tu, tena fupi. Hali hii inashangaza kwa sababu resipe imo miongoni mwa tungo za kiuamilifu zilizofundishwa katika shule zetu za upili. Mwanafunzi huonyeshwa sura yake: kichwa, viambato, vyombo, hatua na idadi ya walaji. Haulizwi iwapo chakula hicho kitapikika.

M.A.K. Halliday alitufunza kuitazama sajili kwa vipengele vitatu: uga, yaani shughuli inayoendelea, uhusiano wa wahusika, na njia ya mawasiliano. Tukiupima upishi kwa vipengele hivyo, tunaona kwamba mpishi mwenye ujuzi humwelekeza mpishi mwanagenzi wakiwa wote mbele ya chungu. Mengi hayasemwi, yanaonyeshwa kwa mkono. Maelekezo hayo yanapoandikwa, mkono haupo tena. Kila kilichoonyeshwa sharti kitafutiwe neno, na neno likikosekana, hatua nayo imekosekana.

Hoja ya makala haya ni hiyo. Kaa ameteuliwa kwa sababu hasamehe maelezo ya jumla. Akiwa hai huuma; akifa kabla ya kufika jikoni huharibika upesi na kumdhuru mlaji; na mwili wake una sehemu za kuliwa na sehemu za kutupwa. Fauka ya hayo, msamiati wake umo vinywani mwa wapwani kuliko vitabuni, na wengi wetu tunaosomea Kiswahili mbali na bahari tunaujua nusunusu.

2.0 Resipe Isiyopikika

Tuanze kwa matini fupi ambayo mwandishi wa makala haya ameitunga kwa kuiga mtindo unaopatikana kwa wingi katika insha za wanafunzi:

"Chukua makaa manne. Yaoshe na uyasafishe vizuri. Yachemshe hadi yaive. Weka vitunguu, nyanya na nazi. Pika kwa dakika chache. Weka chumvi kiasi. Pakua."

Kisarufi, sentensi zote ni sahihi. Hali ya kuamuru imetumika, sentensi ni fupi na mpangilio unafuata wakati. Mtahini huenda akaipa alama nzuri. Hata hivyo, mtu asiyewahi kumpika kaa akiifuata, atakwama kwenye sentensi ya kwanza, kwa kuwa makaa manne ni vipande vinne vya kuwashia jiko. Akishaondokana na mkanganyo huo, atakutana na kitenzi "safisha", ambacho kwa kaa kinaficha vitendo visivyopungua sita. Atakutana pia na "weka", kinachotumika kwa kitunguu, nazi na chumvi kana kwamba vyote vinaingia chunguni kwa namna moja. Sehemu zinazofuata zinafumbua yaliyofichwa.

3.0 Kaa: Jina, Upatanisho na Mwili

3.1 Jina na upatanisho

Kiswahili kina homonimu tatu zinazotamkwa na kuandikwa kaa. Kuna kitenzi chenye maana ya kuketi au kuishi. Kuna nomino ya ngeli ya LI-YA, kaa la moto, ambayo wingi wake ni makaa. Kisha kuna mnyama wa majini, ambaye yumo katika ngeli ya A-WA na hana kiambishi cha wingi: kaa huyu, kaa hawa. Kamusi huziorodhesha kama vidahizo tofauti. Jikoni zote tatu zinaweza kukutana katika sentensi moja bila ya utata, maadamu upatanisho umezingatiwa: Kaa wakiisha kuiva, punguza makaa, uache mchuzi ukae kwa dakika tano. Sentensi hii yafaa kuandikwa ubaoni katika somo la homonimu.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba upatanisho wa A-WA haukomi kaa anapokufa. Husema "kaa ameiva", sawa na "kuku ameiva" na "samaki ameoza". Sarufi humhesabu kuwa kiumbe mpaka sahanini. Akishagawanywa, kila sehemu hurejea katika ngeli yake: gando limepasuka, nyama imeiva, miguu imevunjika. Tutaona katika 5.0 jinsi jambo hili linavyomfaa mwandishi wa resipe.

3.2 Mwili

Kaa anayezungumziwa hapa ni yule mkubwa wa mikoko, ambaye wanasayansi humwita Scylla serrata. Anapatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya bahari ya Pasifiki. Kwetu Kenya hupatikana penye mikoko, kwa mfano Lamu, Mida, Gazi na Vanga. Wavuvi wa miguu humfuata maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, na humtoa shimoni kwa fimbo yenye ndoano ya chuma.

Ana viungo kumi vya kutembelea na kushikia. Viwili vya mbele ni magando, umoja wake gando, navyo ndivyo vyenye nyama nyingi na ndivyo vya kuogopwa. Wapwani husema kaa akiinua gando mambo yamekatika. Vinane vilivyosalia ni miguu, na jozi ya mwisho imebapa kama makasia kwa ajili ya kuogelea. Mgongo umefunikwa na gamba moja pana. Chini yake, mkia umejikunja ukalala juu ya tumbo mithili ya kifuniko. Kwa dume kifuniko hicho ni chembamba chenye umbo la pembetatu. Kwa jike aliyekomaa ni kipana na cha mviringo. Ndani, pande zote mbili, yamo matamvua, yaani viungo vya kupumulia vinavyofanana na nyuzi za ncha ya shuka. Neno hilo ni sitiari iliyokomaa: tamvua ni uzi wa pindo la nguo, na aliyewahi kumfungua kaa hahitaji kuelezwa kwa nini likateuliwa.

3.3 Muktadha wa kijamii

Isichukuliwe kwamba kila nyumba ya pwani hupika kaa. Katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi katika upwa wetu, vitabu mashuhuri vya fikihi humweka kaa katika kundi la viumbe wanaoishi nchi kavu na majini, na Waislamu wengi hawamli. Wanazuoni wa madhehebu ya Maliki wao humhalalisha. Waumini wa Kisabato nao hujiepusha naye kwa kufuata Walawi, sura ya 11, inayokataza viumbe wa majini wasio na mapezi wala magamba. Kwa hiyo kaa wengi huvuliwa ili kuuzwa, hasa hotelini, na kuna wavuvi wamjuao kumkamata wasiomjua kumpika. Mwalimu anayeitumia mada hii darasani akumbuke hayo. Anaweza kumruhusu mwanafunzi aeleze upishi wa samaki kwa vigezo vilevile.

4.0 Kutoka Sokoni hadi Sahanini

4.1 Kuchagua

Kaa hununuliwa akiwa hai. Sababu yake si ufahari. Kaa akifa, bakteria na vimeng'enya vya mwili wake huanza kuharibu nyama mara moja, na katika joto la pwani saa chache zatosha kumfanya asifae. Kaa aliyekufa bila ya kujulikana saa ya kufa, au anayetoa harufu kali, atupwe. Kumpika sana hakumrejeshei usalama.

Mzuri ni yule anayejikunyata au kuinua magando anapoguswa, na aliye mzito kuliko ukubwa wake unavyoashiria. Uzito una maana. Kaa hukua kwa kujivua gamba, na akishajivua, gamba jipya huwa kubwa kuliko mwili uliomo, pengo likajazwa na maji. Huyo wapishi humwita kaa mtupu. Bonyeza kwa kidole upande wa chini, karibu na mizizi ya miguu: pakibonyea, muache. Jike mwenye mayai yaliyotoka nje na kushikamana chini ya kifuniko cha tumbo naye asinunuliwe, kwani kizazi chote cha mbele kinabebwa hapo.

Muuzaji huwa amemfunga magando kwa kamba. Usiifungue. Mweke mahali pa baridi, mfunike kwa gunia au kitambaa kibichi, umpike siku hiyohiyo. Usimtumbukize katika ndoo ya maji ya mfereji. Maji baridi yasiyo na chumvi humuua.

4.2 Kulaza na kuua

Desturi ya wengi ni kumtupa kaa mzima katika maji yanayochemka. Desturi hii ina kasoro mbili. Kwanza, kaa anapopata mshtuko hujikata miguu na magando kwa makusudi, na maji ya sufuria yakaingia mwilini kupitia matundu hayo na kuchujua nyama. Pili, yapo mambo ya uadilifu. Uchunguzi wa kisayansi umetia nguvu rai kwamba viumbe wa jamii hii huhisi maumivu. Uswisi ilipiga marufuku kumchemsha kambamti akiwa hai bila ya kumtia ganzi mwaka 2018, na Uingereza iliwaingiza kaa na kamba katika sheria yake ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2022.

Njia iliyo bora ni kumlaza kwanza. Mweke ndani ya friza, au umfukie katika barafu iliyosagwa na kuchanganywa na maji ya chumvi, kwa dakika 30 hadi 45, mpaka asitikisike hata ukimgusa macho au kumvuta mguu. Kisha mpindue, inua kifuniko cha tumbo, na uchome kwa ncha ya kisu imara au msumari mkubwa katika kitundu kilicho chini yake. Rudia mbele, nyuma kidogo ya mdomo, baina ya macho. Kisu kielekezwe mbali na mkono ulioshika. Hapo ndipo kamba inapofunguliwa, wala si kabla.

4.3 Kubambua na kukata

Hapa njia mbili huachana. Anayetaka kaa wa kutokosa humpika mzima na kumfungua baada ya kuiva. Anayetaka mchuzi humfungua akiwa mbichi ili viungo vipenye.

Kwa kaa wa kutokosa, chemsha maji ya kutosha kumfunika, yenye chumvi ya takriban gramu 30 kwa kila lita, kiasi kinachokaribia chumvi ya bahari. Maji yasiyo na chumvi huacha nyama ikiwa chapwa. Kaa wa kilo moja hutokoswa kwa dakika 15 hadi 18, zikihesabiwa tangu maji yanapoanza kuchemka upya. Rangi ya gamba hubadilika kutoka kijani iliyofifia ikawa nyekundu. Wekundu huo ulikuwemo tangu awali, ila ulifungamana na protini. Joto huivunja protini na rangi ikadhihirika. Lakini gamba huwa jekundu kabla ya nyama ya ndani kuiva, kwa hiyo rangi pekee isitegemewe.

Kwa kaa wa mchuzi, mlaze chali. Kivute kifuniko cha tumbo ukinyofoe. Mgeuze, tia kidole gumba katika mwanya ulio nyuma, baina ya gamba na mwili, kisha libambue gamba kwa kulivuta kuelekea mbele. Yang'oe matamvua ya pande zote mbili. Hayana sumu, lakini ni makavu na hubeba tope. Ondoa pia mdomo pamoja na kifuko cha tumbo kilicho nyuma yake. Ute wa manjano uliosalia ni kiungo kinachofanya kazi inayofanana na ya ini. Wapo wanaouchanganya katika mchuzi kwa ladha yake, ila kwa kuwa sumu za madini kama kadimiamu hujikusanya humo, si busara kuula mara kwa mara wala kumpa mtoto. Mayai ya ndani ya jike, yenye rangi ya machungwa, huliwa.

Suuza upesi kwa maji machache ya chumvi. Usiroweke. Mpasue kaa katikati, kisha kila nusu uikate vipande viwili, kila kipande kikiwa na miguu yake. Magando yabanjwe kwa mgongo wa kisu au kwa mchi, pigo moja kwa kila pingili, yaani kiasi cha kutia ufa. Likipondwa sana, vigae vya gamba huingia katika nyama na kumchoma mlaji mdomoni.

4.4 Mchuzi wa nazi

Viambato vya walaji wanne ni hivi: kaa wawili wa kilo moja kila mmoja, nazi mbili zilizokomaa, vitunguu maji viwili, nyanya nne, punje sita za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba, kijiko kimoja kidogo cha bizari ya manjano, pilipili mbichi mbili, ndimu moja, vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, kotmiri na chumvi.

Kuna nazi kwa mbuzi. Tia kikombe kimoja cha maji vuguvugu, zikande kwa mkono, uzikamue na kuchuja kwa kifumbu au chujio. Hilo ni tui la kwanza, zito, ambalo pia huitwa kasimile. Liweke kando. Rudia kwa vikombe viwili vya maji upate tui la pili, jepesi. Kinachobaki ni chicha.

Injika sufuria, tia mafuta, ukaange vitunguu mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Ongeza kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja. Vikitoa harufu, tia nyanya na bizari. Kaanga mpaka nyanya zivurugike na mafuta yajitenge juu. Wapishi wengi wanagenzi huharakisha hapa, na mchuzi hubaki na ukali wa nyanya mbichi. Watie kaa, uwageuze mpaka kila kipande kishike viungo. Mimina tui la pili, tia chumvi na pilipili nzima, funika, uache vitokote kwa moto wa wastani kwa dakika 12 hadi 15. Nyama ya kaa aliyeiva huwa nyeupe, imara, na hubanduka kwenye gamba; iliyo mbichi huwa na uangavu wa ute.

Sasa punguza moto na utie tui la kwanza. Koroga mfululizo, au chota kwa upawa na kumimina tena, kwa dakika nne au tano bila kuliacha lichemke kwa nguvu. Likichemka sana, mafuta na maji ya nazi huachana, na tui husemwa kuwa limekatika. Epua. Ndimu ikamuliwe baada ya kuepua, kwa sababu uchachu wake nao hukata tui. Nyunyiza kotmiri, uache mchuzi utulie kidogo, kisha upakue pamoja na wali mweupe. Kila mlaji apewe bakuli la kutupia magamba na jingine la maji ya ndimu la kuondolea shombo mikononi.

Tahadhari ya mwisho: wapo watu wenye mzio wa kaa na kamba, na mwili wao huweza kuvimba au pumzi kuziba. Mwenyeji muungwana huuliza kabla ya kupika.

5.0 Uchanganuzi wa Lugha

5.1 Vitenzi vya kutenganisha na vya kusababisha

Tukivipanga vitenzi vya sehemu ya 4.3, tunapata nyofoa, bambua, ng'oa, ondoa, pasua. Vyote vinamalizika kwa -ua au -oa, umbo ambalo Kiswahili hulihusisha na kutengana, kufunuka au kutendua kilichotendwa. Katika 4.4 vinatawala vitenzi vya jozi: chemka na chemsha, tokota na tokosa, ungua na unguza. Kimoja chaeleza hali ya chakula, cha pili kitendo cha mpishi anayeisababisha. Kwa ufupi, maandalizi yanasimuliwa kwa lugha ya kutenganisha, na upishi kwa lugha ya kusababisha. Jiko lenyewe lina jozi ya mwanzo na mwisho: huinjika na kuepua, au hubandika na kubandua. Mwanafunzi anayehitaji mifano ya mnyambuliko haina haja ya kubuni sentensi zisizo na uhai, aende jikoni.

5.2 Umahususi

Samaki huparwa na kutumbuliwa. Kaa hubambuliwa na kubanjwa. Nazi hukunwa na kukamuliwa. Kila kitenzi kinabeba chombo, mwelekeo wa mkono na kiasi cha nguvu. "Banja" chaonya kwamba ni ufa unaotakiwa, jambo ambalo "vunja" hakisemi. "Tokosa" chaeleza kupika katika maji, ilhali "chemsha" kwa asili chahusu maji yenyewe kufikishwa kwenye kuchemka. Katika matumizi ya mjini tofauti hii inafifia, na "chemsha" kimemeza vyote viwili. Si kosa lugha kubadilika. Hasara hutokea pale ambapo neno la jumla linabaki peke yake na mwandishi hana jingine la kumwonyesha msomaji tofauti.

5.3 Upatanisho kama mwongozo

Tazama sentensi hii: Mgeuze, libambue, yang'oe. Haina nomino hata moja, lakini aliye mbele ya kaa hatapotea. Kiambishi m- chamrejelea kaa, li- gamba, ya- matamvua. Mfumo wa ngeli humwezesha mwelekezaji kusema machache bila ya kupoteza uwazi, na ndiyo sababu maelekezo ya mdomo jikoni huweza kuwa mafupi mno. Resipe yetu ya 2.0 ilipoteza msaada huu ilipomtia kaa katika ngeli ya LI-YA.

5.4 Vipimo na dalili

Resipe za kisasa hupima kwa dakika na gramu. Mapokeo ya jikoni hupima kwa dalili: mpaka mafuta yajitenge, vikitoa harufu, hadi nyama ibanduke. Muundo wa kisarufi wa dalili ni kishazi tegemezi chenye mpaka, hadi au kiambishi -ki-. Yamkini baadhi yetu huuona mtindo huu kuwa duni. Ukweli ni kwamba moto wa kuni, wa makaa na wa gesi haulingani, na dakika 12 za jiko moja si dakika 12 za jingine. Dalili humfuata kaa mwenyewe. Hata hivyo, dalili haitoshi kila mahali. Tumeona kwamba wekundu wa gamba hudanganya. Resipe iliyo bora huvioanisha viwili hivyo: dakika humwambia mpishi lini aanze kuangalia, dalili humwambia aone nini.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba resipe iliyo sahihi kisarufi huweza isipikike, na kwamba tatizo lake huwa ni uhaba wa maneno ya kufaa. Msamiati wa kubambua, kubanja, kasimile na kukatika kwa tui haujafa. Unatumiwa leo na wapishi wengi, hususan kina mama wa pwani. Ila hauandikwi vya kutosha, na lugha ya jikoni isiyoandikwa huondoka na waliokuwa nayo. Chama chetu kina wanachama kutoka Lamu, Kilifi, Mombasa na Kwale ambao wanaweza kuukusanya msamiati huu likizoni, kwa ruhusa ya wenyewe, wakianzia majikoni kwao. Yafaa pia walimu wanaosahihisha resipe waongeze kigezo kimoja juu ya sura na sarufi: je, asiyejua anaweza kuyafuata maelekezo haya akafika?

Maswali ya Mjadala

1. Andika upya resipe ya sehemu ya 2.0. Eleza ni wapi ulilazimika kubadilisha kitenzi cha jumla kwa kitenzi mahususi, na kwa nini.

2. Kusanya vitenzi kumi vya jikoni vinavyomalizika kwa -ua au -oa. Ni vingapi vina kitenzi kinyume chake kilicho hai katika Kiswahili cha leo?

3. Linganisha maelekezo ya mdomo ya mpishi mmoja na resipe iliyochapishwa ya chakula hichohicho. Tumia vipengele vya uga, uhusiano na njia kueleza tofauti utakazoziona.

4. "Kuku ameiva", "kaa ameiva", lakini "nyama imeiva". Jadili upatanisho huu kwa kutoa mifano zaidi ya vyakula vitokanavyo na wanyama.